VITABU VYA WATOTO VITOKE KABATINI

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar ilitangaza elimu bila ya malipo. Mlango uliokuwa wazi kwa wachache ukafunguliwa kwa mtoto wa mkulima na wa mvuvi. Leo mtoto wa Nungwi na wa Micheweni ana skuli ya kwenda. Suala lililo mbele yetu sasa ni jengine: je, mtoto huyo anapenda kusoma?

Kusoma kwa kupenda na kusoma kwa kuogopa mtihani ni mambo mawili mbalimbali. Asomaye kwa mtihani hukiweka kitabu siku ule mtihani unapomalizika, na baada ya miaka michache barua ya ofisini humtatiza. Mwananchi wa namna hiyo huwa mikononi mwa wanaomsomea.

Sisi watu wa Visiwani hatuanzi na mikono mitupu. Mtoto wetu huketi mbele ya marufaa akazitambua herufi kabla hajang'oka meno ya utoto. Usiku bibi yake humwambia "Paukwa", naye akaitika "Pakawa". Heshima ya kitabu anayo, na hamu ya hadithi anayo. Kinachotakiwa ni kuviunganisha viwili hivyo, hadithi aikute kitabuni.

Mwaka 1928, mjini Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Haitupendezi basi mtoto wa Unguja akose kitabu cha hadithi kwa lugha aliyonyonya. Tena vile vichache vilivyopo, katika baadhi ya skuli, hufungiwa kabatini visije vikachanika. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake; kilichohifadhiwa kwa ajili ya mchwa ni fedha ya umma iliyopotea.

Kwa hivyo, tunawataka walimu wakuu wafungue kabati hizo, na watoto waazime vitabu wende navyo majumbani. Maofisa wa elimu wanapokagua skuli wasihesabu vitabu vilivyopokelewa tu, bali waulize vingapi vimeazimwa. Wapangao bajeti watenge fungu la vitabu vya hadithi, si vya kiada peke yake. Na mzazi, hata asiyejua kusoma, amtake mwanawe amsomee ukurasa mmoja kila usiku, kisha amuulize kumetokea nini. Kazi hiyo haina gharama, nayo yaweza kuanza leo.