Kumpinga Mwalimu Mkuu Si Kuipinga Shule

Kila unapozuka mzozo kati ya mwalimu mkuu na walimu wake au wazazi, iwe hapa Chumbageni au kwingine Tanga, utetezi wa mkuu huja na hoja zilezile. Zinasemwa barazani, zinasemwa kwenye vikao vya wazazi, na mara nyingi zinatosha kumnyamazisha mama aliyekuwa amesimama kuuliza swali la haki kabisa. Ndiyo maana nataka kuzijibu.

Ya kwanza ni kwamba wanaolalamika hawataki nidhamu. Mkuu ni mkali, wavivu wamebanwa, basi wanapiga kelele.

Nidhamu ya shule ina kanuni, na kanuni zinambana mkuu kabla ya mtu mwingine yeyote. Tangu mwaka 2002 viboko havitakiwi kuzidi vinne, anayechapa ni mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na adhabu lazima iandikwe kitabuni. Mzazi ambaye mwanawe amerudi na alama mgongoni, akaenda kuuliza na kukuta kitabu hakina jina la mtoto huyo, anadai nidhamu ifuatwe. Yeye ndiye mwenye nidhamu hapo.

Kwa upande wa walimu, tazama kitabu cha mahudhurio. Saa moja na nusu asubuhi unapigwa mstari mwekundu, anayesaini chini yake amechelewa. Sijakutana na mwalimu makini anayeupinga mstari huo. Kinachowachoma walimu ni mstari kumsubiri rafiki wa mkuu na kutomsubiri anayetoka Pongwe kwa daladala. Kinachowachoma zaidi ni mwalimu mzima kugombezwa mstarini mbele ya wanafunzi, halafu dakika kumi baadaye aingie darasa la sita kuwafundisha hao hao waliomcheka. Kipindi hicho hakifundishiki, na hasara ni ya watoto.

Hoja ya pili: matokeo yamepanda, mwacheni afanye kazi. Nakubali kwamba matokeo ni jambo kubwa, hasa kwa mzazi ambaye elimu ya mwanawe ndiyo akiba yake pekee. Lakini matokeo ya darasa la saba ni kazi ya miaka saba ya walimu wengi, kuanzia yule aliyemfundisha mtoto kushika penseli. Mkuu aliyefika juzi hawezi kujitwalia sifa yote. Tena mtihani huo haukwambii kama watoto wa darasa la pili wanajua kusoma, wala haukwambii ni walimu wangapi wameandika barua za kuomba uhamisho. Shule inayompoteza mwalimu wa hisabati kwa sababu amechoka kudharauliwa italipia hasara hiyo miaka kadhaa baadaye, pengine mkuu mwenyewe akiwa keshahamishiwa kwingine.

Hoja ya tatu ndiyo inayotumika sana na ndiyo dhaifu kuliko zote: mkuu ameteuliwa na serikali, kwa hiyo mzazi hana la kusema.

Shule ya msingi ina kamati ya shule kwa mujibu wa sheria. Mwenyekiti wake ni mzazi. Mwalimu mkuu ni katibu. Mpangilio huo una maana yake: anayeendesha shule kila siku anapaswa kutoa hesabu kwa wenye watoto. Katiba nayo, Ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Kama masomo ya mtoto wangu hayanihusu, sijui kinachonihusu ni kipi.

Kisha kuna fedha. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo kwenda moja kwa moja shuleni. Kwa shule yenye watoto 1,000 hiyo ni milioni 6, sawa na laki tano kwa mwezi, za chaki, karatasi, mitihani na ukarabati mdogo. Ni fedha kidogo, na kwa sababu ni kidogo kila shilingi inapaswa kuonekana kwenye ubao wa matangazo. Mkuu analipwa posho ya madaraka inayotokana na kodi zetu. Kuulizwa ruzuku imetumikaje ni sehemu ya madaraka hayo.

Na hapa niseme jambo ambalo wazazi wengi wanalijua kwa uchungu. Mzazi anafika kikaoni, mlangoni anapewa karatasi ya mahudhurio, anasaini. Kikao kinakwenda haraka, maswali yanaahirishwa kwa kuwa muda umekwisha. Baada ya wiki anaambiwa wazazi wote walikubali mchango wa tofali au wa masomo ya ziada, na saini zao zipo. Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, alikuwa akijibu vilio vya namna hii. Mchango wa hiari unabaki wa hiari pale tu anayekataa anapoweza kukataa bila mwanawe kusimamishwa mstarini.

Nne, eti walimu wanaoungana dhidi ya mkuu wanafanya siasa. Watu wa Tanga ndio wa mwisho kuambiwa hivyo. Chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika kilianzishwa katika mji huu huu mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele. Watumishi walikutana, wakazungumzia maslahi na heshima yao kazini chini ya utawala wa kikoloni. Leo tuna Chama cha Walimu na tuna sheria za kazi. Mwalimu anayesaini barua ya pamoja na wenzake ametumia njia halali.

Tano, kwamba kusema hadharani kunalichafua jina la shule. Kenya wamejifunza kwa gharama kubwa mno. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos. Kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai kuhusu vurugu za shule kilitaja, miongoni mwa sababu nyingi, wakuu wanaoongoza kwa mabavu. Mwaka 2016 zaidi ya shule mia moja zikachomwa tena. Sisemi shule zetu za kutwa ziko huko. Nasema malalamiko yasiyo na pa kusemewa hayaishi kwa kukatazwa.

Wapo pia wapinzani nisiowatetea. Anayefunga geti kwa kufuli anawanyima watoto vipindi. Anayesema mkuu si wa huku, au kwamba mwanamke hawezi kuongoza walimu wanaume, hana hoja ya uongozi. Ana chuki tu. Mkuu mwanamke akifanya yaleyale ya mtangulizi wake mwanamume huitwa mkorofi, na hilo ni dhuluma. Malalamiko yataje tendo, tarehe na aliyeshuhudia.

Kwa hiyo wazazi wenzangu wa Chumbageni, kikao kijacho njooni, hata kama ni siku ya gulio. Msisaini karatasi isiyo na kichwa cha habari. Ombeni mapato na matumizi yasomwe kwa sauti. Mkikataliwa, andikeni barua kwa kamati, nakala kwa afisa elimu kata na kwa mkurugenzi wa jiji, muisaini wengi, na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.