Ramani Ipi ni ya Mwisho?



Wengi wetu tulio Muscat, London au Minneapolis tunajenga nyumbani kwa simu. Sisi tunatuma pesa, fundi anatuma picha za matofali, mchoraji anatuma ramani. Ramani zenyewe siku hizi huja kama mafaili ya DWG, yaani ya AutoCAD, programu iliyotoka mwaka 1982. Linakuja moja, kisha "mpya", kisha "mpya kabisa", kisha "ya mwisho 2". Kesho zege la msingi linamwagwa, na shemeji anapiga simu: "Tufuate ipi?"

Mpwa wangu anayesoma uhandisi aliniuliza kama ni lazima afungue yote, maana kompyuta yake ni ya zamani na kila faili linamla dakika kadhaa. Nilimjibu kuwa si lazima.

Faili la DWG kwa kawaida hubeba picha ndogo ndani yake. Mchoraji anapohifadhi kazi, programu huweka humo picha ya kile kilichokuwa kwenye kioo wakati huo, isipokuwa kama ameuzima mpangilio huo. Kwenye Windows yenye AutoCAD, au DWG TrueView ambayo Autodesk huitoa bure, fungua folda na uchague alama kubwa. Utaona lipi ni la msingi na lipi ni la paa.

Picha hiyo ina kikomo chake. Mchoraji akihifadhi huku amekuza kona ya jikoni, utaona jikoni tu, ingawa nyumba nzima imo. Wala usipime kitu juu yake.

Wanafunzi wenye AutoCAD, bonyezeni Ctrl na 2. Litatokea dirisha la DesignCenter, ambalo huorodhesha matabaka na vipande vilivyomo katika mchoro bila kuufungua. Ukitafuta mchoro wenye mabomba, majina ya matabaka yatakuelekeza.

Je, faili likikataa kufunguka? Lifungue kwa Notepad. Utaona vurugu ya herufi, lakini tazama sita za mwanzo tu: AC1015 ni muundo wa AutoCAD 2000, AC1027 ni wa 2013, AC1032 ni wa 2018. AutoCAD ya zamani haisomi muundo uliokuja baada yake. Funga bila kuhifadhi, kisha mwombe mchoraji akutumie muundo wa nyuma, au ubadilishe mwenyewe kwa TrueView.

Asiye na Windows anaweza kutumia Autodesk Viewer kwenye kivinjari. Ila akumbuke kuwa hapo faili linapandishwa kwenye kompyuta za watu wengine. Kama ramani ni ya ofisi au ya mteja, aombe ruhusa kwanza.

Tarehe nayo isikudanganye. Faili ulilopakua leo linaweza kuonyesha tarehe ya leo, hata kama lilichorwa mwaka jana. Tarehe ya kuaminika ni ile iliyoandikwa na mchoraji kwenye kisanduku cha maelezo pembeni mwa ramani, pamoja na namba ya marekebisho.

Kwa hiyo kuchungulia ni kwa ajili ya kuchagua. Kujenga ni jambo jingine. Ukishalipata faili unalodhani ndilo, lifungue lote, kisha mwombe mchoraji PDF yenye tarehe na namba ya marekebisho. Wewe, shemeji na fundi mshike karatasi ileile, na kila mmoja aisome namba hiyo kwa sauti kwenye simu kabla koleo halijagusa ardhi.

Ukuta kwenye kioo husogezwa kwa dakika moja. Zege likishakauka, husogezwa kwa nyundo na kwa mshahara wako wa zamu za usiku. Dada zetu wanaosafisha hospitali na kaka zetu wanaoendesha malori wanazijua zamu hizo zilivyo ndefu.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.