Sanamu ya Kutazamwa na Umbo la Kuchezewa

Mji huhukumiwa kwa majengo yake, kwa masoko yake na kwa barabara zake. Ni mara chache kuhukumiwa kwa nafasi uliyomwachia mtoto. Kama hukumu hiyo ingetolewa leo Makorora, katika jiji la Tanga, isingekuwa ya sifa. Alasiri, shule zikisha kufungwa, watoto hutoka kucheza, na kiwanja chao aghalabu ni barabara. Wavulana huvingirisha tairi na kusukumana katika vigari vya mbao vyenye magurudumu ya beringi. Wasichana hucheza rede na mdako ukingoni. Na kati yao hupita baiskeli, bajaji na pikipiki. Chombo kikija mchezo hukatika, kikipita mchezo huungwa tena. Na kila mkato ni msiba ulioepukwa kwa bahati tu.

Dawa ya jambo hili ipo, nayo ni kujenga mahali pa wazi maumbo ya sanaa ya saruji, yenye miteremko, matao na mawimbi, ambayo mtoto huyapanda na kuyatelezea, mzee hukaa juu yake, na kijana mwenye ubao wa magurudumu huuendesha kutoka ncha hata ncha. Si ndoto. Mjini Amsterdam, tangu mwaka 1947, msanifu Aldo van Eyck alibuni viwanja vya watoto zaidi ya 700, vingi katika vipande vya ardhi vilivyokuwa vimetupwa, akavitia mawe ya kurukia na matao ya vyuma yasiyofanana na mnyama wala mtu, ili mtoto mwenyewe aamue hilo ni mlima au ni nyumba. Mjini Liverpool, mwaka 2015, msanii wa Korea, Koo Jeong A, alitoa kazi iitwayo Evertro, ambayo ni sanaa na ni uwanja wa mbao za magurudumu kwa pamoja. Na kwa jirani, katika mtaa wa Kitintale mjini Kampala, vijana walijenga mwaka 2006 uwanja wa saruji wa mchezo huo huo, pasipo kungoja mtaa wao utajirike kwanza.

Hata hivyo wapo wapingao. Wa kwanza husema ya kuwa sanamu ni heshima, na heshima haikanyagwi. Na waulizwe: heshima ya nani? Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha sanamu yao ya shaba, askari mwenye bunduki. Kila mtawala alileta sanamu yake, na kila raia aliamriwa kupita akitazama. Mazoea hayo yalikuja kwa meli. Mwambao ulikuwa na desturi yake ya kupamba mji, nayo ni baraza. Baraza ni umbo lililojengwa nje ya nyumba kwa mawe na chokaa, likatolewa kwa kila apitaye: juu yake huchezwa bao, hupokewa mgeni, hunywewa kahawa, na watoto hurukia chini. Hakuna aliyepata kusema ya kuwa baraza imevunjiwa heshima kwa kukaliwa. Kukaliwa ndiyo heshima yake.

Wa pili huleta hoja ya dini, nayo ni nzito, maana Makorora ni mtaa wa Waislamu wengi, na sanamu za viumbe hazipendezi mbele yao. Lakini hoja hiyo humpinga askari wa shaba, haimpingi mtoto. Wimbi la saruji si kiumbe, wala tao si kiumbe. Mafundi wa pwani waliochonga milango kwa maua, minyororo na duara walikwisha kuonyesha ya kuwa sanaa yaweza kuwa kubwa bila uso wa mtu. Kwa hiyo umbo la kuchezewa lina haki ya uenyeji Tanga kuliko sanamu yoyote ya shujaa juu ya farasi.

Wa tatu huogopa hatari na uhuni. Ni kweli mtoto aweza kuanguka katika mteremko akachubuka goti. Lakini hatari ya mteremko huiona mwenyewe, akaipima, akajifunza; hatari ya pikipiki iendayo kwa kasi hawezi kuipima. Ama uhuni, na watazamwe vijana wa Forodhani, Unguja, wanaojirusha baharini kutoka ukutani katika mchezo uitwao makachu. Ukuta ule ulijengwa kuizuia bahari, haukujengwa kwa ajili yao. Wao ndio walioufanya jukwaa, na wageni wa nchi za mbali husimama kuwashangilia. Nguvu ya kijana haifi kwa kunyimwa mahali. Huhamia mahali pabaya zaidi.

Wa nne husema hakuna fedha. Usemi huu wasikika vibaya katika mji ambao kiwanda chake cha saruji, kule Pongwe, kilianzishwa mwaka 1980, na ambao mafundi wake hujenga kila siku ngazi na kuta ngumu kuliko mteremko wa mtoto. Kilichopungua si saruji, ni nia. Na nia hiyo si fadhila: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wataja kucheza kuwa ni haki katika kifungu chake cha 31.

Yabaki neno moja, nalo ndilo kubwa. Mahali pa wazi pasipo na kitu machoni pa wakubwa huitwa patupu, na patupu hapakawii kupata mwenyewe: leo kibanda, kesho ukuta, kesho kutwa duka. Watoto hawana hati wala wakili. Umbo la saruji lililokita nondo zake ardhini ndiyo hati yao. Lamwambia kila mwenye tamaa ya kiwanja ya kuwa hapa pana wenyewe. Halmashauri ya Jiji ikipima mitaa, na itenge katika kila mtaa kipande kimoja. Na walioitwa kuamua umbo lake wawe pamoja nao wale watakaolichezea. Udongo uwahi ungali maji, na saruji ni hivyo hivyo: kabla haijakauka mikononi mwa mwenye duka, na ifinyangwe kwa ajili ya mtoto wa Makorora.