"Ni Kreki ya Rangi Tu": Wauzaji wa Kaboni, Acheni Hizo

Wasee, kuna sentensi moja imenichosha kwenye matangazo ya baiskeli za mtumba: "Ilianguka kidogo, ni kreki ya rangi tu, haina noma." Manze, umejuaje? Ulitoa foko ukaikagua? Ama ulipitisha kidole juu ya rangi ukaamulia mtu mwingine maisha yake?

Kaboni si chuma. Ni nyuzi nyembamba zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, zikashikwa na gundi ya epoksi. Fremu ya chuma ikigonga ukingo wa barabara inapinda au inabonyea, hata mtoto anaona. Kaboni inaweza kupigwa, tabaka za ndani zikaachana, na kwa nje rangi bado inang'aa kama ya dukani. Halafu kila ukiingia kwa shimo, ule ufa unasogea kidogo. Siku ya kukatika mara nyingi haikupi notisi.

Na hiyo siku itakupata wapi? Wengi wetu wikendi tunapanda Limuru halafu tunashuka Mai Mahiu, trela mbele, matatu nyuma, upande mmoja bonde. Fremu ikipasuka huko nyuma karibu na gurudumu, labda utasimama ukitetemeka. Foko ikikatika huna breki ya mbele, huna mwelekeo, unatua na uso.

Msiniambie natisha watu. 2006, kwenye mbio za Paris-Roubaix, George Hincapie wa Marekani alijikuta ameshika usukani usioshikana tena na baiskeli. Bomba la juu la foko lilikuwa limekatika. Alikuwa ameanguka mapema siku hiyo hiyo akaendelea na mbio. Na lile bomba lilikuwa la alumini, hata si kaboni! Huyo ni mtu mwenye timu nzima na gari la vipuri nyuma yake. Wewe una fundi mmoja wa mtaa na spana namba 15.

Huyo fundi namheshimu sana. Ananyoosha rimu kwa macho tu. Lakini filla na spreyi juu ya kaboni iliyopasuka ni mekapu. Fremu inaweza kutengenezwa kweli, na mtu anayejua kusugua sehemu mbovu na kupanga tabaka mpya za nyuzi za kaboni kwa epoksi. Foko na usukani, mafundi wengi wa kaboni hawataki hata kuvigusa. Ile ya kugonga na sarafu mkisikiliza mlio? Mlio ukiwa butu mahali pamoja, shuku. Ukiwa sawa kote, bado hujathibitisha kitu.

Sasa wauzaji wana wimbo wao: "Vijana hawana doo, sisi tunawasaidia." Msaada gani? Kuna kampuni kubwa zinazomuuzia mnunuzi wa kwanza fremu mpya kwa punguzo akipata ajali. Yule wa Kayole aliyekopa chama kununua baiskeli ya mkono wa tatu hana risiti wala waranti. Kwa hivyo hasara ya mwenye pesa inashushwa mtaani na kuitwa ofa. Kama doo ni kidogo, weka foko ya chuma au alumini ambayo haijaanguka. Mimi naendesha alumini, nichekeni tu.

Tangazo liseme kama kuna ajali. Liwe na picha ya foko ikiwa nje ya fremu, bomba la juu lote likionekana, maana hapo ndipo ufa unajificha. Usukani pia, mahali unapobanwa.

Na wewe uliyeanguka ukanunua nyingine: ile foko mbovu usiwape vijana wa estate kama zawadi. Wataifunga kwa baiskeli, utake usitake. Ikate katikati na msumeno kabla haijatoka kwako. Vaa maski na glavu, ilowe maji unapokata, maana hilo vumbi ni baya kwa mapafu. Usiichome na takataka.

Kuna muuzaji wiki hii amenitumia picha kumi na moja za fremu "safi kabisa", zote za upande mmoja. Nimemwomba ya upande wa pili na ya bomba la foko. Tiki ni mbili za bluu tangu Jumanne.