Kula Nyama Hakutufungi Mdomo

Kila msanii anapomtia mnyama mashakani mbele ya watazamaji na watu wakapiga kelele, jibu huwa tayari: "Wewe si unakula kuku? Basi nyamaza." Nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Linaonekana zito, maana wengi wetu kuku tunamla. Mimi namla, na bado nasema halisimami.

Mwaka 2000, katika makumbusho ya Trapholt mjini Kolding, Denmark, msanii Marco Evaristti alipanga mezani blenda kumi, zile zile tunazosagia juisi ya parachichi. Kila moja ilikuwa na maji, na ndani yake samaki mdogo wa rangi ya dhahabu akizunguka juu ya visu. Umeme ulikuwepo, kitufe kilifanya kazi, na mgeni aliachiwa aamue mwenyewe. Wapo waliobonyeza. Mkurugenzi wa makumbusho alishtakiwa kwa ukatili, na mwaka 2003 mahakama ikamwachia kwa hoja kwamba samaki walikufa papo hapo.

Haya, walikufa haraka. Lakini walikufa kwa ajili gani? Ili mgeni aupime moyo wake.

Babu yangu alikuwa akichinja mbuzi wa Idi nyuma ya nyumba. Kwanza alimnywesha maji. Kisu alikinoa upande wa pili wa ukuta, mbuzi asikione. Wakiwa wawili, mmoja aliondolewa mbele ya macho ya mwenziwe. Sisi watoto tukianza kuchekacheka, tulifukuzwa. Babu hakuwa mtu wa kumlilia mbuzi. Saa moja baadaye alikuwa akiulizia maini. Ila alijua kwamba kutoa uhai kuna masharti, na kwamba masharti hayo anadaiwa kwanza yule atakayekula. Kwa hiyo mla nyama ndiye hasa mwenye wajibu wa kuuliza mnyama huyu anakufa vipi, na kwa haja gani.

Mwaka 2025 Evaristti huyo huyo aliwafungia watoto watatu wa nguruwe jijini Copenhagen ili wafe njaa, akisema anataka Wadenmark wayaone mateso yaliyomo katika ufugaji wao wa nguruwe. Mateso hayo ni ya kweli na yanastahili kelele. Lakini njaa ya hao watatu isingempunguzia nguruwe yeyote adha ya zizini; ingeongeza tu idadi ya wanaoteswa. Wakaibwa kabla hawajafa, na mimi nilifurahi.

Anayetaka kweli kujua binadamu hufanya nini akikabidhiwa kitufe, njia ipo. Mwaka 1974, mjini Naples, msanii Marina Abramović alisimama kwa saa sita kando ya meza yenye vitu 72, vikiwemo waridi, asali, mkasi, bastola na risasi, akawaruhusu watu wamfanyie watakalo. Walimchania nguo, wakamkata ngozi, na bastola ikaelekezwa kwake. Swali ni lile lile la Kolding, ila mwili uliowekwa rehani ulikuwa wake, na kwa hiari yake. Muda ulipokwisha alianza kuwafuata waliomzunguka, nao wakakimbia.

Samaki wa Kolding alikuwa na maji ya kujaza jagi moja, na mlango wa kutokea hakuwa nao.