Lafudhi ya Mchezo na Insha ya Mkamba

Katika Vioja Mahakamani, mchezo wa KBC uliowachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa, wahusika hutambulishwa kwa lafudhi za lugha zao za kwanza. Huo ni ufundi: mtunzi huteua sauti chache na kuzitilia chumvi. Hatari huzuka mwalimu wa Kitui au Makueni anaposoma insha kana kwamba anatazama mchezo, akakuta "ndawa" au "ngali" na kuangua kicheko. Nilichekwa hivyo nikiwa darasa la sita. Tangu siku hiyo niliandika kwa woga.

Tuzingatie mfumo. Katika Kikamba, b, d na g kwa kawaida hutanguliwa na nazali: mb, nd, ng, nayo r haimo. "Ndawa" na "ngali" ni maneno kamili ya Kikamba. Mwanafunzi amefuata kanuni, ila si ya Kiswahili.

Kwa maoni yangu, mwalimu hana budi kusahihisha, lakini aeleze tofauti hiyo kwanza. Nasi watafiti tusiyafanye mazungumzo ya filamu na michezo kuwa ushahidi wa usemi wa Wakamba. Ushahidi umo madaftarini, tukausome huko.