MAMBO YA MOTAKAA: Kemshafti na Tapeti Zichaguliwe Pamoja

Ndani ya injini ya motakaa umo mtaimbo wenye nundu uitwao kemshafti. Uzungukapo, kila nundu huinua kipande cha chuma kiitwacho tapeti, nayo tapeti husukuma fimbo ifunguayo vali. Wako mafundi wa Marekani, wajengao injini za mbio, ambao wameharibu injini nzima kwa kosa moja tu: kuchagua kemshafti ya namna moja na tapeti za namna nyingine.

Mfano mwema ni injini ya Chevrolet ya silinda 8 iliyoanza kuuzwa mwaka 1955. Tapeti zake za kwanza zilikuwa za wayo bapa. Kwa macho wayo huo ni bapa kabisa, lakini umeinuka kidogo sana katikati, na nundu nayo imechongwa mshazari kidogo. Kwa sababu hiyo tapeti hujizungusha katika tundu lake, isisuguliwe mahali pamoja. Mwaka 1987 motakaa kadhaa za Chevrolet zilianza kutiwa tapeti za rola, yaani zenye gurudumu dogo litembealo juu ya nundu. Hizi hazipaswi kujizungusha hata kidogo. Hushikwa na vibao, maana gurudumu likigeuka upande litaikwaruza nundu.

Faida ya rola ni kwamba nundu yaweza kuchongwa yenye mwinuko mkali, vali ikafunguka upesi, na injini ikapata hewa nyingi na nguvu zaidi. Wayo bapa hauwezi kuufuata mwinuko huo. Ukingo wake utachimba chuma.

Basi mtu atiaye tapeti bapa juu ya kemshafti ya rola, au rola juu ya kemshafti ya wayo bapa, atakuta nundu zimelika kwa muda mfupi. Unga wa chuma utaingia katika mafuta na kuzila beringi.

Wala si tapeti peke yake. Tapeti za rola ni ndefu, kwa hiyo fimbo zake huwa fupi: karibu inchi 7.2, hali zile za kwanza ni karibu inchi 7.8. Springi za vali nazo sharti zilingane na nundu. Tena katika injini ya kale, kemshafti ya rola hutiwa kizuizi mbele isiteleze, kwa kuwa haina ule mshazari uisukumao nyuma.

Abakiye na wayo bapa naye ana sharti lake. Kemshafti mpya itiwe tapeti mpya, na injini iwashwapo mara ya kwanza izungushwe kwa kadiri ya mizunguko 2,000 kwa dakika, muda wa dakika 20 hadi 30, isiachwe kunguruma polepole.

Mwenye busara hanunui kipande kimoja leo na kingine kesho kwa kufuata bei. Huviandika vyote kwanza, akahakikisha vyapatana, ndipo afungue mfuko. Rahisi ni ghali.